Nani Anamtisha Kamongo?

Elsie Naswa alikuwa amefika mstari wa nne tu aliposimamishwa na swali.

"Madam, nani anamtisha?"

Aliyeuliza alikuwa Sheryl, msichana wa miaka kumi na mmoja wa dawati la pili karibu na dirisha. Mkono wake ulikuwa bado juu ingawa alikwisha kuuliza. Elsie aliitazama karatasi aliyokuwa akiisoma. Ilisema kwamba katika ziwa la hapo kamongo ni miongoni mwa samaki wanaokaribia kutishiwa.

"Hakuna mtu anayemtisha," alisema. "Ni namna ya kusema tu. Maana yake ni kwamba..."

"Kamongo haogopi," mvulana mmoja akasema kutoka nyuma. "Anauma. Alimuuma Baba Winny hapa." Akainua kidole gumba ili wote waone.

Darasa zima likacheka. Mwalimu wao, Selpha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akawatuliza kwa kugonga fremu ya mlango na funguo zake. Elsie alingoja. Alikuwa amekuja Usenge kutoka Kisumu asubuhi hiyo kwa kazi moja tu, kuwasomea watoto wa Gredi ya Tano kijitabu alichokuwa akikiandika na kuona kama wanakielewa. Walikuwa arobaini na watatu, karibu wote watoto wa wavuvi na wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani.

Kijitabu kilikuwa cha mradi mmoja wa kuhifadhi samaki wenye ofisi mjini. Elsie, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa ameufanyia kazi mradi huo miaka sita. Wazo la kitabu lilikuwa lake. Samaki waliokwisha kupotea ziwani walikuwa wameandikwa sana, na walio wengi hawakuhitaji kuandikwa. Yeye alitaka wale wa katikati, ambao bado wanavuliwa, bado wanauzwa, lakini kila mwaka wanapungua. Alichagua kumi na wawili. Kwa miezi minne alizunguka kwa watafiti na kwa akina mama wa samaki akiuliza, na katika wote kumi na wawili, aliyempenda zaidi alikuwa kamongo, samaki mrefu mwenye mapafu, anayepanda juu ya maji kuvuta pumzi kama mtu.

"Sikilizeni," alisema. "Tuseme hivi. Mna tangi la maji hapa shuleni?"

"Liko," wakajibu pamoja.

"Sasa, tangi likiwa limejaa, hamna wasiwasi. Likiwa tupu, mna shida. Lakini kuna siku liko nusu na linaendelea kushuka. Siku hiyo maji bado yapo, lakini mtu mwenye akili anaanza kufikiria. Kamongo yuko kama tangi lililofika nusu."

Watoto wakatazamana. Sheryl akageuka kumtazama mwalimu wake.

"Tangi letu lilipasuka mwaka jana," Selpha akasema kwa upole. "Ni la kuangalia tu. Maji tunabeba."

Elsie akainamisha kichwa. Alijaribu mfano wa penseli, akajaribu wa kuku. Kwa kila mfano waliuliza jambo ambalo hakuwa amelifikiria, na kila mara walirudi palepale, na mvulana wa nyuma ndiye aliyelisema wazi kuliko wote: Jumapili walikula kamongo nyumbani, kwa hivyo yupo, na kama yupo, shida iko wapi? Kengele ilipolia, Elsie alikusanya karatasi zake.

*

"Hilo neno halibadiliki," alisema Walter siku iliyofuata.

Walter Oduor ndiye aliyekuwa msimamizi wa machapisho ofisini. Mezani pake rasimu ya Elsie ilikuwa imejaa alama za kalamu nyekundu.

"Watoto hawalielewi," Elsie alisema. "Wanauliza ni nani anayemtisha."

"Kamati ya mradi ililipitisha. Wanaokaribia kutishiwa. Lipo kwenye mabango, lipo kwenye ripoti, lipo kila mahali. Nikilibadilisha kwako, itabidi nibadilishe kote." Akafungua ukurasa mwingine. "Na hapa wamesema uandike kambaremamba. Kamongo si Kiswahili sanifu."

"Walter, wewe umezaliwa wapi?"

"Uyoma."

"Nyumbani kwenu Uyoma, kando ya ziwa, kuna mtu yeyote aliyewahi kusema kambaremamba?"

Walter alivua miwani akayafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Elsie zaidi, kwamba hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Mtoto wa Usenge akisoma kambaremamba," Elsie aliendelea, "atafikiri ni kambare aliyezaa na mamba. Halafu anaenda nyumbani anamkuta kamongo kwenye sufuria, wala hajui kwamba ndiye tuliyekuwa tunamsema."

"Weka yote mawili basi. Kambaremamba, halafu koma, halafu kamongo."

"Na hiyo kutishiwa?"

"Hiyo iache." Walter akairudisha miwani. "Elsie, nina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo kupeleka kazi kwa mpiga chapa. Ukitaka kurudi Usenge mara moja zaidi, rudi. Gari sina. Lakini maandishi nayataka Jumatatu."

Alirudi kwa nauli yake.

*

Safari hii hakuwasomea chochote. Alikuwa amempigia Selpha simu akamwomba awapeleke watoto kwa mvuvi yeyote wa kamongo, wamwone samaki mwenyewe kwanza. Selpha alimtaja Enos, yule yule Baba Winny mwenye kidole kilichoumwa. Enos alivua kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi, na mara nyingine kwa mkuki, kwenye kinamasi kilichokuwa mwendo wa robo saa kutoka shuleni.

Walimkuta akitengeneza ndoano kando ya mtumbwi. Karibu yake kulikuwa na pipa la plastiki lililokatwa nusu, limefunikwa kwa gunia bichi.

"Huyu ndiye nyar Bungoma mwenye kitabu?" Enos alimuuliza Selpha, akimaanisha binti wa Bungoma. Alipoambiwa ndiye, akamwamkia Elsie kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa na uchafu wa chambo, kisha akalitoa gunia.

Kamongo alikuwa amejikunja ndani ya pipa kama mkanda, mweusi wenye mabaka ya kahawia, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Mapezi yake yalikuwa membamba kama kamba za viatu. Watoto walisukumana. Kwa muda hakufanya lolote. Halafu akajinyoosha polepole, akapandisha kichwa mpaka mdomo ukatoka nje ya maji, akavuta hewa kwa sauti waliyoisikia wote, akashuka tena chini.

Hakuna aliyecheka.

"Anapumua," Sheryl alisema. Akaanza kuhesabu kimya kimya, midomo ikitikisika. Kamongo alipopanda tena, alikuwa amefika mia mbili na kumi. "Nikimshikilia chini je?"

"Atakufa," Enos alisema. "Anazama kama wewe. Ndoano ikimshika chini asiweze kupanda, unamkuta amekufa."

Elsie akaona huu ndio mlango aliokuwa akiutafuta. Akamwomba Enos awaambie watoto jinsi uvuvi wake ulivyokuwa zamani. Enos hakuwa mtu wa hotuba. Alisema kwamba alipoanza, ndoano arobaini zilimpa samaki sita au saba asubuhi moja. Siku hizi anatega mia na hamsini, na akipata mmoja anashukuru. Kuna wiki hapati.

"Na huyu ulimpata na ndoano?" Selpha akauliza.

"Huyu nilimchoma mkiani kwa mkuki, kule." Akaonyesha mafunjo yaliyobaki upande wa pili wa maji. "Huyu ni baba. Mama akitaga anaenda zake. Baba ndiye anakaa kwenye shimo na watoto, hatoki, hata umguse na mti. Ndiyo maana ni rahisi kumpata."

Ilichukua muda kidogo neno hilo kuwafikia watoto. Sheryl alikuwa wa kwanza.

"Kwa hivyo watoto wake wako kule saa hii?"

"Wako."

"Nani anawaangalia?"

Enos akaokota ndoano moja, akaitazama ncha yake, akaiweka. "Hakuna," alisema.

Wote wakatazama ng'ambo. Mafunjo yaliyobaki yalikuwa kama ukanda tu. Kushoto kwake ardhi ilikuwa nyeusi, imechomwa, na pembeni ya hapo kulikuwa na matuta ya sukuma wiki na nduma yaliyonyooka vizuri. Elsie akauliza ni nani anayelima ndani ya kinamasi. Alitarajia kusikia jina la kampuni, au la mwanasiasa fulani. Wakati wa kiangazi udongo wa pale ndio pekee wenye maji, Enos alieleza, kila mtu ana kipande.

"Yale matuta matatu ya mwisho ni yangu," alisema Selpha.

Selpha alikuwa na watoto wanne na mshahara uliochelewa. Elsie alilijua hilo bila kuambiwa.

"Baba Winny," Sheryl alisema, "mrudishe."

Wengine wakadakia, mrudishe, mrudishe, mpaka Selpha akainua mkono. Enos hakukasirika. Alimgeukia Elsie.

"Madam, wewe ndiye umesoma. Huyu samaki ni marufuku?"

"Hapana," Elsie alisema.

"Kuna mwezi ambao haruhusiwi?"

"Sijui sheria kama hiyo kwa kamongo wa hapa."

"Yuko kwenye ile orodha yenu ya wale wanaoisha?"

Elsie alitamani kusema uongo. Watoto arobaini na watatu walikuwa wakimtazama mdomoni. "Hapana. Ukihesabu Afrika yote, bado wako wengi. Hapa kwetu ndiko wanapungua."

"Basi nina mteja anakuja kumchukua kabla ya saa sita," Enos alisema. Kisha, kama mtu anayeona amejibu kwa ufupi mno, akaongeza, "Sisemi kwa ubaya. Mimi nayaona haya kabla yenu. Nilimwambia ofisa wa samaki miaka mitatu iliyopita, kamongo anapungua, njooni mtuambie tufanye nini. Akasema hakuna bajeti ya samaki ambaye hajaisha. Akiisha watakuja na magari, watatuletea semina na soda. Leo yuko mmoja kwenye pipa, na hakuna aliyekuja isipokuwa wewe na hawa watoto."

"Madam, si uandike kwenye kitabu kwamba hairuhusiwi?" mvulana wa nyuma akapendekeza. "Watu wanaamini kitabu."

"Siwezi kuandika kitu ambacho si kweli."

"Hata kama kinasaidia?"

"Hata kama kinasaidia," alisema Elsie, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mvulana akarudi nyuma ya wenzake.

Mteja alifika na pikipiki kabla hawajaondoka. Enos alimwambia Selpha awatangulize watoto, na Selpha akawatanguliza, lakini njia ilikuwa nyoofu na pigo la rungu kichwani mwa kamongo lilisikika.

*

Darasani Elsie aliandika ubaoni neno moja, kamongo, akageuka.

"Nimeshindwa kuwaeleza," alisema. "Nimejaribu tangi, nimejaribu kuku. Sasa ninyi nielezeni mimi. Huyu samaki mliyemwona ana shida gani?"

Sheryl akasimama, bila kuinua mkono.

"Dani yangu alikuwa anakohoa," alisema. Dani ni bibi, na Elsie alilijua neno hilo. "Alikohoa tangu Krismasi. Mama akasema apelekwe hospitali. Baba akasema lakini si bado anatembea, bado anaenda sokoni, bado anapika. Shangazi pia akasema bado anatembea. Tukangoja. Siku alipoacha kutembea ndiyo tulimpeleka." Akakaa. Baada ya kidogo akasema, akiwa ameketi, "Kamongo bado anatembea."

Elsie aliandika kila neno, na alipomaliza alimwomba Sheryl ruhusa ya kuyaweka kitabuni. Sheryl alisema sawa, lakini aandike pia kwamba dani alikuwa anaitwa Rachael. Elsie akamwahidi.

Ahadi hiyo aliitimiza kwa upande wake. Mwisho wa wiki aliandika upya ukurasa wa kamongo wote, akayaondoa maneno ya kamati, akaanza na bibi anayekohoa na kumaliza na baba anayengoja kwenye shimo. Jumatatu aliupeleka. Walter aliusoma akiwa amesimama, halafu akakaa akausoma tena.

"Huu ni mzuri," alisema. "Huu nitaupigania."

Alhamisi akapiga simu. Elsie alitambua kwamba habari si nzuri kwa jinsi alivyoanza na salamu ndefu.

"Wamemtoa kamongo," Walter alisema mwishowe.

"Wamemtoa kwa sababu gani?"

"Mfadhili ameuliza kwa nini ametengewa ukurasa mzima na kwenye orodha ya dunia yuko salama. Wanataka nafasi hiyo iende kwa samaki ambaye yuko hatarini kabisa. Anayeonekana."

"Kitabu chenyewe ni cha wale ambao bado, Walter. Ndiyo maana tulikianza."

"Najua."

"Na dani wa yule msichana?"

"Wamesema inasikitisha. Wanataka kitu cha kuwapa watoto moyo." Walter akashusha sauti. "Nilijaribu, Elsie. Kweli nilijaribu."

"Kwa hivyo tutamwandika lini?"

"Akishaingia kwenye orodha, nadhani," alisema Walter, na wote wawili wakasikia alichokuwa amesema. Elsie akakata simu. Alitoka nje ya ofisi, akazunguka jengo mara mbili chini ya jua kali, akarudi ndani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

*

Vijitabu vilitoka mwezi wa saba, vikiwa na rangi nzuri na karatasi laini. Elsie mwenyewe alipeleka katoni moja Usenge. Alikuwa amefikiria kumtuma mtu mwingine, akaona hiyo ingekuwa aibu mara mbili.

Watoto walivipokea kwa mikono miwili. Walifungua kutoka mbele wakaenda nyuma, wakarudi mbele. Elsie aliwatazama wakitafuta. Sheryl alikipekua chake mpaka mwisho, akakifunga, akakiweka juu ya dawati, akaweka mikono juu yake.

"Hayumo," alisema.

"Hayumo," Elsie alikiri. Aliwaeleza kila kitu bila kupunguza, mfadhili, orodha, na yale waliyoyasema kuhusu bibi yake. Alisema alikuwa ameahidi na ameshindwa, na kwamba anaomba msamaha. Sheryl alisikiliza akitazama dirishani.

Ni Selpha aliyepata la kufanya. Alichukua kijitabu kimoja, akapekua, akaonyesha ukurasa wa mwisho. Ulikuwa mtupu, mweupe, wa kuandikia jina la shule.

"Toeni penseli," alisema. "Madam atasoma, ninyi mwandike."

Elsie alikuwa na ukurasa wake kwenye simu. Akasoma, nao wakaandika. Kazi haikwenda vizuri. Karatasi ilikuwa laini mno, penseli zikateleza, ikabidi kalamu zitafutwe darasa la jirani. Herufi zilikuwa kubwa, nafasi ikawaishia katikati ya shimo la baba kamongo, na wengine wakamalizia pembeni wakizungusha kijitabu. Elsie aliposoma mstari wa bibi, Sheryl alimkatiza mara mbili kumsahihisha: dani hakuwa anapika kila siku, alikuwa anapika siku za ibada. Elsie akasahihisha, na darasa zima likakata na kuandika tena. Vijitabu arobaini na vitatu. Mradi ulichapisha elfu tatu.

Jioni kabla ya kuondoka alimpitia Enos. Alimwomba, mvua kubwa za mwakani zikiisha, aache mafunjo kwa miezi miwili tu, avue upande wa ziwa, ili madume walee watoto. Enos alisikiliza mpaka mwisho. Alisema atafikiria, lakini yeye ni mmoja, na hata akiacha, mwingine ataingia. Elsie akauliza kama angeweza kuzungumza na wenzake. Enos akasema aje yeye azungumze nao, mwezi wa nne, na asije peke yake. Upande wa pili wa maji, sukuma wiki za Selpha zilikuwa zimestawi, na ukanda wa mafunjo ulikuwa mwembamba kuliko siku ile ya pipa.

Huko Kisumu, Elsie alijaza fomu ya mradi. Kulikuwa na nafasi ya idadi ya watoto waliofikiwa, akaandika. Kulikuwa na nafasi ya mafanikio, mistari mitano, akaiacha. Kwenye changamoto kulikuwa na mistari miwili. Aliijaza, akaendelea pembeni, akageuza karatasi, akaandika nyuma yote mpaka chini, jina la Enos, jina la Rachael, ndoano mia na hamsini, ofisa aliyekosa bajeti, matuta matatu ya mwalimu na mshahara uliochelewa.

Siku ya pili Walter alikuja mezani pake na fomu mkononi.

"Umeandika nyuma," alisema. "Mashine haisomi nyuma."

"Basi isome wewe," alisema Elsie, akavuta kiti kingine karibu na chake. Walter alisimama kidogo akitazama mlango wa ofisi yake, kisha akakaa, akaigeuza karatasi na kuanza kusoma.